Binamu Yangu, Mchezaji wa Benchi

Saide ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo nina haki ya kumtukana. Kwetu pwani hii binamu ni mtani wako. Ukimsifu mbele ya watu, watauliza kama anaumwa. Tangu utoto wetu wilayani Palma mimi humwita Miguu ya Kunguru, naye hunijibu kwa majina ambayo sitayaandika hapa.

Ukweli ni kwamba miguu ile ilikuwa na kazi yake. Alipofika miaka kumi na tisa alichukuliwa na timu moja ya Mocímboa da Praia, winga wa kushoto, mwembamba, jezi inamning'inia kama imeanikwa juu yake. Baada ya misimu miwili akawa Pemba, ile ya kwetu Msumbiji, si ya kisiwani. Akiwa huko alipigiwa simu kutoka Mtwara kwamba wanatafuta mtu wa mguu wa kushoto, akavuka mto Ruvuma na begi moja. Alikaa Tanzania miaka saba, Mtwara kwanza, kisha Lindi. Kiswahili chake kilikuwa kama chao, na mashabiki hawakujua ni mgeni mpaka siku alipofunga goli akaanza kupiga kelele za Kireno. Wakazidi kumpenda. Alikuwa akipiga kona zinazopinda hadi kipa anawageukia mabeki wake na kuwagombeza bure. Mwishowe goti la kulia likagoma, akarudi nyumbani.

Picha na jezi alizomtumia mama yake zilipotea zote mwaka ule tuliokimbia vita. Sitaki kuusimulia mwaka ule. Tulirudi, alhamdulillahi, na sasa tunaishi Quitunda, katika zile nyumba za matofali walizopewa wazee wetu walipohamishwa mashambani kwao kupisha mradi wa gesi. Hapa watu wametoka vijiji vingi na wamechanganyika, na si wote wanaojua nani ni mtoto wa nani.

Vijana wa Quitunda wana timu, na mwaka huu walitafuta mwalimu wa kuwafundisha. Saide aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Alinyoa ndevu, akaazima shati lenye kola, akaenda kwa mwenyekiti wa timu, mzee Cândido, Mmakonde wa Diaca. Alirudi kabla chai haijapoa. Akapita kibandani kwangu ninapouza vitenge, akakaa juu ya gunia. Nikamwambia shati limemvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Hakujibu. Hapo nikaogopa, maana Saide asiponijibu ujue mambo yameharibika.

Nikaenda mwenyewe kwa mzee Cândido kuuliza kulikoni.

"Dona Zubeida, si wewe uliyesema?" akanishangaa. "Kwenye harusi ya Nafisa, watu wote wanasikia. Miaka saba Tanzania, kazi yake kubeba maji na kulinda viatu vya wenzake. Equipa yangu, timu nzima ya vijana, siwezi kumpa mlinzi wa viatu."

"Nilikuwa namtania, mzee."

"Dada hamtanii mdogo wake namna ile."

"Mimi si dada yake. Baba yangu na mama yake ndio tumbo moja."

Mzee Cândido akashika kichwa. Wamakonde hawahitaji kufundishwa utani. "Ai, binamu," akasema. "Na mimi nilidhani wewe ni dada mtu."

Nikaona mlango umefunguka. Nikaanza kummwagia sifa za Saide, kona, krosi, magoli. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Binamu akitukana anatania," akasema, "na akisifu anatania zaidi. Sasa mimi nishike lipi?"

Niliondoka nikijilaumu njia nzima. Ulimi wangu ulikuwa umemnyima mtu kazi, na ulimi huohuo haukuwa na uwezo wa kuirudisha.

Kesho yake nikafunga kibanda, nikavuka mto. Mtwara nina rafiki wa biashara, Khairiya, na kwake huwa naacha sanduku langu ninapokwenda kununua vitenge. Nilichokifuata humo Saide hakukijua. Miaka ile yote, kila aliponiuliza kama nimekwenda kumwona akicheza, nilimjibu kwamba sina muda wa kuangalia watu wanaokalia benchi.

Ijumaa baada ya sala, wazee wa timu walikutana barazani kwa mzee Cândido. Nikamburuta Saide, nikamwaga mezani tiketi kumi na nne za uwanjani, za Mtwara na za Lindi, tarehe zikionekana.

Mzee Cândido akazipekua moja moja. "Hizi zinaonyesha wewe ulikwenda, Dona. Hazionyeshi kwamba yeye alicheza."

"Mzee, wewe unanijua sokoni. Uliwahi kuona nimefunga kibanda?"

"Sijaona, ila juzi hizi tu. Hata mvua ikinyesha huondoki."

"Basi mara kumi na nne niliacha vitenge vyangu saa ya wateja, nikaenda kukaa juani. Unadhani nilikwenda kuangalia viatu?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, kisha wote wakacheka, na mzee Cândido akamnyooshea Saide mkono. "Mister," akamwita, kama vijana wetu wanavyomwita mwalimu wa mpira, "Jumatatu saa kumi. Usichelewe."

Nilifurahi hadi nikasahau kukusanya tiketi zangu. Saide ndiye aliyezikusanya, polepole, akisoma tarehe. Akasimama na moja.

"Hii ya Lindi," akasema. "Siku hii nilikosa penalti. Uwanja mzima ulinizomea."

"Si uwanja mzima," nikamwambia.

Binamu yangu akaikunja tiketi ile, akaitia mfukoni mwake, na zile kumi na tatu akanirudishia.