Maneno ya Kuazima

Walimwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake. Saluni nzima ilivunjika mbavu alipowaigiza wateja, mwendo wa huyu, kikohozi cha yule. Kundi moja la maigizo lilipotangaza mchujo, wasusi wenzake walimsukuma: "Nenda bibi we! Kipaji hicho utazeeka nacho humu?"

Sharti lilikuwa kila mtu aje na kipande cha kusema peke yake, cha maisha ya leo. Hapo ndipo alipokwama. Vitabu alivyoazima vilijaa malkia na majemadari. Akatunga chake cha mapenzi, nacho kikapoa kama chai iliyosahauliwa.

Jumapili dada yake mkubwa, muuguzi, mtu asiyetoa ya moyoni ovyo, alikuja kumtembelea. Wakiosha vyombo, ghafla akafunguka kuhusu mume aliyemwacha.

"Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Alikunja mashati yake taratibu, nami nikamsaidia. Mdogo wangu, zipu ya begi nilimfungia mimi." Akafuta mikono. "Haya yaishie hapa."

"Yameisha, dada."

Chiriku hakuwa na nia mbaya. Lakini kesho yake, akifagia saluni, maneno yale yalimtoka yenyewe, na hakuna kingine kilichomkaa mdomoni namna ile.

Siku ya mchujo, ukumbi uliokuwa ukinong'ona tangu asubuhi ulinyamaza kumsikiliza. Alipofika kwenye mashati, mlango wa nyuma ukafunguka. Dada, bado na sare ya kazi, alikuwa ameomba ruhusa aje kumshangilia. Macho yakakutana. Chiriku angeweza kujifanya amesahau. Lakini ukimya ule ulikuwa mtamu, hakuwahi kuupata maishani. Akaendelea mpaka kwenye zipu.

Alichaguliwa. Nje, dada alikuwa amesimama kando ya ukuta.

"Dada, nilitaka kukwambia..."

"Umesema vizuri. Hata pale ninapovuta pumzi umepapata." Akamtengenezea kola, akarudi kazini.

Maigizo yalipigiwa makofi, na mengine yakafuata. Dada huja kwenye shughuli za ukoo, hucheka na watoto. Akiulizwa habari, hujibu nzuri, asiongeze neno.

Siku moja Chiriku alimpigia simu, akamwomba radhi huku akilia. Dada akauliza, bila ubaya, kama anayetaka tu kujua:

"Maneno hayo ni yako, au ya mtu?"

"Ni yangu, dada. Wallahi ni yangu."

"Haya," dada akasema. Kama aliamini, Chiriku hajui mpaka leo.