Mama Njeru wa "Chai na Sala", tunakuzika bila wimbo

Simu ikilia bado nakimbia kuishika, nikidhani ni mtu anataka kuniambia walikosea, si yeye. Hakuna anayesema hivyo. Wawira wetu wa Manyatta, Mama Njeru, ameenda kweli.

Wengi wenu mlimjua kwa ile albamu yake, Chai na Sala. Mimi nilimjua kabla, kwaya ya kanisa, benchi moja. Yeye soprano, mimi alto, tukitafuna tangawizi kwa siri ili koo zifunguke.

Siku ya kurekodi nilimsindikiza mpaka studio, Embu town, nyuma ya duka la mbolea. Producer akamwuliza, "Mum, hii ni gospel ama ni love songs? Nataka kujua niweke beat gani." Akamjibu, "Ni maisha yangu. Weka beat." Nilicheka mpaka nikaambiwa nitoke nje, naharibu recording.

Na yalikuwa maisha yake kweli. Wimbo mmoja anamshukuru Mungu kwa kumwinua alipougua. Unaofuata anamwimbia mume wake, Baba Njeru, aliyempikia uji na kumwogesha katika ugonjwa huo huo.

Nilimwuliza kama haogopi kuwachanganya. Akasema, "Mama Mukami, Mungu hakushuka na sufuria. Alimtuma huyu mzee."

Sasa kwa wale si wa kanisa letu, niwaeleze. Kwetu mwanakwaya akiimba nyimbo za dunia anawekwa nyuma. Haimbi, hashiriki meza ya Bwana, mpaka asimame mbele ya watu aseme amejuta. Akifa kabla ya kurudishwa, kwaya haivai uniform na haimbi kaburini. Ni maombi mafupi, halafu udongo.

Wazee walisema zile za Mungu hazina shida, ila za mume wake azitoe. Akakataa. Akakaa benchi ya nyuma na kitambaa chake kimefungwa vizuri, akifuata nyimbo zetu kwa midomo tu, bila sauti. Mimi nilikuwa naimba nikimwona. Aki ilikuwa inauma.

Alipolazwa mara ya mwisho, figo zimechoka, alijua. Aliniomba kitu kimoja tu. "Nataka mniimbie nikienda. Waambie wanirudishe."

Nilienda kwa committee ya kwaya. Nikaenda kwa mzee wa kanisa, akakubali kuja wodini na Biblia yake. Ni mtu mpole, sitamsema vibaya.

Mama Njeru akamwuliza, "Mzee, wewe umezisikia hizo nyimbo?"

"Sijasikia. Lakini nimeambiwa."

"Ai! Basi sikia kwanza ndiyo unihukumu."

Nikamwekea kwa simu ule wa Baba Njeru. Alisikiliza wote, macho chini. Kiatu chake kilikuwa kinagonga sakafu, jameni, niliona. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaita, "Rudia huo, mama!"

Mzee akafunga Biblia yake polepole. "Ni tamu," akasema. "Ndiyo shida yake." Halafu akamwinamia. "Sema tu umejuta, mama. Jumapili nitangaze, uwe umerudi."

Mama Njeru alimtazama mume wake, ambaye wakati huo alikuwa anampaka mafuta miguu iliyovimba.

"Nijute huyu?"

Akageukia ukuta. Hiyo Jumapili hakuifikia.

Jana nilirudi kwa committee. Niliongea, nikalia, nikapiga magoti mbele ya watu ninaoimba nao. Mwenyekiti akasema, "Mama Mukami, tukimwimbia huyu, wale tuliowanyima tutawaambia nini?" Mazishi ni Alhamisi. Kwaya haitaimba.

Kwa hivyo msiendelee kuniuliza program ya nyimbo.

Mnaniandikia inbox kwamba Mungu ana sababu. Mimi ni mtu wa maombi, mnanijua. Nimeomba mpaka maneno yakaisha, na hakuna kitu nimesikia. Labda sababu iko. Mimi siioni.

Nilipita kwa Mama Njeru nikitoka mkutanoni. Baba Njeru alikuwa anachambua maharagwe ya wageni. "Mtamwimbia?" akaniuliza. Nikamwambia hapana. Akachambua, akachambua, halafu akasema, "Na mimi sijui kuimba. Yeye ndiye alikuwa anajua."

Wawira, dada yangu, nimejiuliza kama naweza kusimama peke yangu Alhamisi nifungue mdomo, wanifanye watakavyo. Nimejaribu hapa jikoni. Najua sehemu ya alto tu. Bila yako mbele haina mahali pa kushika, inazunguka tu, halafu inanyamaza.

Lala, mama. Lala salama ndani ya huu ukimya wetu.