Nilimsifia Mjukuu Wangu kwa Kutolia

Ndugu zangu, mwenye kosa ni mimi. Sikumpiga mtoto wala sikumtelekeza. Nilimsifia, na sifa zangu ndizo zilizomuumiza.

Mimi ni maalim wa madrasa hapa Tandale. Mwanangu anaendesha malori ya mikoani, kwa hiyo mkewe na binti yao mchanga wanaishi kwangu. Mtoto huyo alikuwa halii. Nikisomesha, alilazwa mkekani pembeni yangu, wanafunzi wakipaza sauti hadi mtaa wa pili, naye katulia tuli. Nilijivuna, jamani! Nikawaambia wazazi wa wanafunzi, "Huyu wangu kazaliwa na subira yake."

Bi Mwajuma, jirani yetu muuza vitumbua, akanitania: "Maalim, huyo si mtoto, ni shehe mzima! Hata nzi hamfukuzi."

Tukacheka. Mama yake hakucheka.

Mtoto alipofikisha miezi tisa, mkwe wangu alinijia kwa adabu. "Baba, mwanangu hakai bila kushikwa. Viganja vyake vyeupe. Naomba nimpeleke kliniki."

"Amechukua rangi ya bibi yake," nikamjibu. "Wenzako wanahangaika na watoto watukutu, wewe unalalamikia neema? Shukuru, binti yangu."

Mwezi uliofuata akaniomba tena. Nikamsomea habari za subira! Mtu niliyesoma dini, nikaitumia kumziba mdomo mama mwenye hofu ya kweli.

Mara ya tatu hakuomba. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka, nami nikamfuata nikigomba njia nzima.

Nesi alivuta chini kope ya jicho la mtoto. Ndani kweupe kama karatasi. Akauliza anakula nini. Uji wa sembe mtupu na chai ya rangi. Chai hiyo nilikuwa nikimnywesha mwenyewe, kwa kijiko, kwa mapenzi.

"Ila ni mtulivu sana," nikasema.

"Mzee wangu," akanijibu taratibu, "huo si utulivu. Hana nguvu ya kulia. Damu yake imepungua sana, mwili umekosa madini ya chuma. Na chai inazidi kuyazuia yasiingie mwilini."

Ya Rabi! Nilitamani ardhi inimeze.

Alipewa dawa ya kuongeza damu. Tukaanza kumlisha maini yaliyosagwa, unga wa dagaa, mchicha. Alhamdulillahi, damu ilipanda, akaanza kulia kwa sauti.

Lakini miezi ile haikurudi. Sasa ana miaka mitatu na nusu. Alichelewa kutembea, na maneno yake yanahesabika. Nikimfundisha herufi moja asubuhi, adhuhuri haipo tena. Daktari alisema ubongo hujengeka zaidi katika umri ule mdogo. Huenda akawafikia wenzake, huenda asiwafikie kabisa. Hakuniahidi.

Mkwe wangu hajanilaumu hata siku moja. Bado ananitengea maji ya udhu kila alfajiri. Heri angenitukana!

Wazee wenzangu, mama akisema mtoto hayuko sawa, msimfundishe subira. Mtoto aliyelegea, asiyecheza, mwenye viganja vyeupe, apimwe damu siku hiyohiyo. Msimpe chai. Na dua zenu someni mkiwa kwenye foleni ya kliniki; Mwenyezi Mungu anasikia hata pale.