Bolti za Dirisha la Mama

Nilihamia kwenye nyumba yangu ya Nzuguni ikiwa haina madirisha. Hapa Dodoma wengi tunafanya hivyo: bati likishapanda na mlango wa mbele ukiingia, unahamia kwanza, mengine yatakuja. Ilikuwa Julai, upepo wa baridi na vumbi lake havina adabu, kwa hiyo niliamua kuziba matundu yote kwa plaiwudi. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Hombolo kukaa nami, miguu yake imeanza kumgomea. Mchana kutwa angekuwa peke yake, na mimi niko kazini nawaza wezi.

Dukani nilichagua kama mtu anayejenga gereza. Muuzaji alinitolea misumari ya zege. Nikaikataa, mwizi ataing'oa kwa mtaimbo. Akanitolea skrubu na vile vipande vya plastiki vinavyoingizwa ukutani. Nikamuuliza, kwani mwizi hana bisibisi? Mwisho akaweka mezani bolti nene, zile ambazo ukikaza nati kitako chake kinatanuka ndani ya tofali na hakitoki tena. Nikachukua hizo, na bado sikuridhika. Nilimwagiza fundi akishakaza aziponde ncha kwa nyundo, ili nati zisirudi nyuma.

"Dada, hata wewe mwenyewe hutafungua," fundi alisema.

"Ndicho ninachotaka."

Bolti zilituishia kwenye dirisha la mwisho, la chumba cha mama. Juu zikaingia mbili, na chini fundi akapigilia misumari ya zege huku tofali likimwaga mchanga. Nilinuna mpaka akaona haya. Akaahidi kurudi Jumamosi kuiondoa ile misumari na kuweka bolti za maana.

Jumatano asubuhi niliondoka nikimsisitizia mama afunge komeo kwa ndani na asimfungulie mtu yeyote. Aliitikia, kitenge kimemfunika mpaka masikioni.

Saa tano nilimpigia simu, hakupokea. Nikapiga tena na tena. Nikaaga kazini kwa uongo nilioutunga palepale, nikadandia bodaboda. Njia nzima niliwaona wezi tu.

Wezi hawakuwapo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani kama nilivyoagiza, na redio ya mama ilikuwa inaongea. Niligonga, nikaita, nikapiga mateke. Redio ikaendelea kuongea. Nikazunguka nyumba nikitafuta hata ufa wa kuchungulia, na sikuupata, kwa sababu fundi alikuwa amefanya kazi nzuri sana. Sijawahi kuichukia kazi nzuri namna ile.

Jirani yangu, mama mmoja anayefuga kuku, alisikia kelele akaja na mtaimbo. Tukaanza na dirisha la sebuleni, maana nilikuwa nimechanganyikiwa na lilikuwa karibu. Mtaimbo uliteleza, ukachubua ubao, bolti hazikutikisika. Jirani akaninyang'anya chuma. Hapo ndipo nilipoikumbuka misumari ya dirisha la mama.

Iling'oka upesi, wa kwanza ukafuatwa na wa pili, na vipande vya tofali vikaanguka miguuni mwetu. Tukaupinda ubao kuelekea juu, nikapenya kwa tumbo. Hewa ya ndani ilikuwa nzito na ya moto. Mama alikuwa amelala ubavu sakafuni, na karibu yake jiko la mkaa, limewaka vizuri, jekundu, bila moshi hata kidogo.

Mama amekulia kwenye tembe. Kule moto unakaa ndani, na nyumba yenyewe inapumua kwenye nyufa za udongo wake. Baridi ikizidi, unasogeza moto karibu ulale. Hakukosea kitu alichofundishwa. Mimi ndiye niliyeziba kila tundu, nikamwambia ajifungie.

Nilimburuta hadi mlangoni, nikafungua komeo, nikamlaza kwenye upepo uleule niliokuwa namkinga nao. Jirani alimwita, mimi nikampepea kwa kitenge chake. Baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, alikohoa, akatapika, akalalamika kwamba kichwa kinampasuka. Zahanati walisema ni sumu ya hewa ya mkaa, wakampa hewa ya mtungi mpaka jioni.

Jumamosi fundi alikuja na bolti zake mpya. Nilimwambia azikate zile za zamani zote kwa msumeno wa chuma. Safari hii nilichagua bolti nyembamba zinazopita kwenye plaiwudi na kwenye kipande cha mbao kilichokingama kwa ndani, na nati zenye masikio mawili, za kufungua kwa vidole. Upande wa ndani. Juu ya kila dirisha tukaacha tundu la hewa. Fundi hakuuliza habari za wezi. Mimi bado nawaogopa, nisiseme uongo.

Alipomaliza nilisimama nje ya dirisha la mama, nikaushika ubao usianguke, nikamwomba afungue. Nilisikia vidole vyake vikihangaika na nati, moja, kisha nyingine. Ubao ukanijia mikononi na uso wake ukatokea.

"Funga, halafu ufungue tena," nikamwambia.

Akafanya hivyo. Nikamwomba arudie mara ya tatu.

"Mwanangu, umerukwa na akili?"

"Ndiyo, mama. Fungua tena."