Picha ya Goli la Mwisho

Miezi mingi nilipiga picha za ukungu. Mdogo wangu alikuwa akicheza mpira wa mikono na wasichana wenziwe katika ukumbi mmoja wa Kisauni, nami nikanunua kamera ya mtumba nikajitia mpiga picha wa timu. Nilichopata ni mikono isiyo na vidole na nyuso zilizovutika kama unga wa chapati. Wasichana wakizipokea kwenye simu zao huuliza, "Dada, huyu ni mimi ama ni pazia?" Nacheka nao, na moyoni nimeudhika.

Ukumbi wenyewe ulikuwa giza. Siku ya wasichana madirisha hufunikwa leso ili wapita njia wasichungulie, na taa nyingi zilikuwa zimekufa. Nilijaribu flashi mara moja tu. Golikipa akafumba macho, mpira ukampiga shavuni, na kocha, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akaniambia nikirudia nitoke na kidude changu.

Aliyenifunza ni mzee mmoja wa Bombolulu, mwenye studio ya picha za pasipoti. Alizitazama picha zangu akasonya.

"Mwanangu, wewe wafukuza mpira, na mpira huuwezi. Mtazame mwenye kuruka. Haruki mtu kabla hajakita mguu, na akiukita, mwili hutulia kidogo. Hapo ndipo ubonyeze."

Akaniongezea kasi ya kamera, akaniambia nitafute mwanga. Nikawabembeleza wasichana mpaka wakakubali leso zishushwe hadi nusu ya dirisha. Wa nje hawakuona kitu, na jua likaingia kwa juu.

Ikafika siku ya kuchagua timu ya kaunti. Ilibaki nafasi moja, wakiigombania mdogo wangu na msichana wa Mkomani. Mdogo wangu hakuwa na tamaa nyingine. Shule alishamaliza, na nyumbani kazi yake ilikuwa kuchota maji na kusubiri posa. Mechi ikiwa sare, akapata mpira, akakita mguu, nikabonyeza. Akafunga, na kocha akalitaja jina lake.

Mamake yule wa Mkomani akasimama. Alisema mdogo wangu amekanyaga mstari wa eneo la golikipa kabla ya kurusha, na ukiukanyaga goli halihesabiwi. Kocha hakuwa ameona. Akanigeukia.

"Wewe si ulikuwa papo hapo? Hebu tuonyeshe."

Nilifungua kamera mbele yao wote, na wallahi nilifurahi kwanza. Picha ilikuwa safi! Nyuzi za viatu zilionekana, na jasho kwenye mdomo. Halafu nikauona mguu. Ncha ya kiatu ilikuwa imekanyaga mstari, na mpira ungali mkononi. Wale wale waliozicheka picha zangu walisukumana kuitazama hii.

"Leo umejua kazi," kocha akaniambia, akalitaja jina la yule mwengine. Alidhani ananisifu. Nilitamani kuibamiza ile kamera sakafuni.

Mdogo wangu hakulia. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani Magogoni, kisha akaniambia, hata hakunitazama:

"Picha zote hizo zilikushinda. Hii ndiyo ukaiweza."