Gauni la Siku ya Ushindi

Jumanne ya uchaguzi, saa nane mchana, nilifika mtaa wa Area 25 mjini kumpelekea mteja gauni la kitambaa cha chama chake. Marehemu mume wangu alilikata kabla ya kuugua, nami nikalishona.

Mteja, anayejua Kiswahili kwa biashara zake za Mbeya, alilivaa akazunguka mbele ya kioo.

"Zikomo, asante, mama. Tukishinda nitacheza nalo barabarani."

Njiani nikija, kila mtu alikuwa na wino wa kura kidoleni. Nilitazama vidole vyake vikifunga vifungo. Vilikuwa safi.

"Bado haujapiga kura?"

"Na foleni ile? Watashinda bila mimi." Akacheka. "Kwani we mkimbizi unapiga kura hapa?"

"Hapana, dada. Njo maana nakuuliza. Shule ya kupigia iko pale ng'ambo ya barabara, na bado hawajafunga."

Akaniuliza kama pindo halijazidi urefu.

Nilirudi Dzaleka, kambini kwetu, nikiwa na hasira. Kule kwetu Fizi, kabla ya kukimbia vita, mume wangu alitembea tangu alfajiri ili apige kura. Kadi yake ya mpiga kura ndiyo karatasi pekee tuliyokimbia nayo, na mchungaji alisoma jina lake humo siku tulipomzika. Sijui sheria inasemaje. Mimi nasema aliyepewa nchi akakataa hata kuvuka barabara kwa ajili yake, ametenda dhambi.

Ee Bwana, umpumzishe mume wangu. Siku utakapoita majina, atasimama. Hajawahi kuogopa foleni.