Kidonge Changu na Mkono wa Zlatina

Zlatina, tabibu wa gari la wagonjwa hapa kijijini, ni binti wa mchunga mbuzi. Mama yake nilimfundisha mimi kufuma soksi. Sikuzoea kuamriwa na mtu wa nyumba ile.

Siku ya kuvuna zabibu kaka yangu Mincho alishika kifua, akaketi chini katikati ya mizabibu, jasho linamtiririka, uso wa majivu. Wanawake wa hapa tunatembea na vidonge mfukoni mwa aproni. Jirani akiumwa unamgawia, kama chumvi. Gari lilipofika nilikuwa nimeshatoa changu cha moyo, kile cha kuweka chini ya ulimi. Zlatina akanidaka mkono.

"Shangazi, ngoja."

"Ningoje nini? Mwaka juzi kiliniokoa!"

"Kilikuokoa wewe."

Akampima presha. Akamuuliza kama ana mzio wa dawa, kama ana vidonda vya tumbo. Hana. Akampa aspirini: "Tafuna, mzee, usimeze nzima." Kisha akainama.

"Jana au leo umemeza dawa ya nguvu za kiume?"

"Mimi? Na miaka sabini hii?"

"Niambie kweli. Dawa hiyo ikikutana na hii ya moyo, presha inaanguka kama ndoo kisimani. Huenda isipande tena."

Mincho akafumba macho. Wavunaji wote walikuwa wamesimama na visu vyao, masikio wima.

"Mpe dawa, we mtoto wa mbuzi!" nilipiga kelele. "Unamuua kaka yangu kwa maswali!"

Hakumpa. Alimshika Mincho mkono, akingoja jibu lake.

Ndipo Penka, mke wa Mincho, akatupa kikapu chake chini. "Alimeza jana! Tulitimiza miaka arobaini na mitano ya ndoa. Haya, chekeni!"

"Wifi!" nikasema.

"Wifi nini? Unataka nifiwe kwa aibu?"

Hakuna aliyecheka. Zlatina aliandika dawa aliyotoa na saa, akawapigia simu wa hospitali, akawaambia ni dawa ipi hakuitoa na kwa nini, maneno makavu, bila kumdhalilisha mtu. Baada ya siku tisa Mincho alirudi, amekonda, mbishi vilevile.

Msamaha kwa maneno sikumwomba Zlatina. Lakini siku ile ya mavuno, walipokuwa wakimpakia kaka yangu, niliuchukua mkoba wa dawa wa Zlatina nikaubeba hadi garini, mimi ambaye simbebei mtu mzigo.

"Mzito, shangazi," aliniambia.

"Nimeona," nikamjibu.